Namna ya Kuigiza Mlevi Jukwaani Bila Kuuharibu Mchezo: Mwongozo Kamili kwa Vikundi vya Mtwara na Lindi

Mwongozo huu ni wa vikundi vya sanaa, klabu za shule na waongozaji wa maigizo ya uhamasishaji katika mikoa yetu ya kusini, ambako kila msimu wa korosho huzaa maigizo mapya kuhusu ulevi, na karibu yote hukwama mahali pamoja. Mwigizaji huingia akipepesuka, huburuta maneno, hudondosha chupa, kisha huanguka. Watazamaji hucheka hadi machozi. Dakika tano baadaye mlevi huyohuyo anamwinulia mkewe mkono, au anagundua kwamba fedha za ada zimeisha, na watazamaji bado wanacheka, kwa kuwa hakuna aliyewaonyesha mahali ambapo kicheko kilipaswa kukoma.

Waigizaji wetu wana vipaji na bidii, lakini wanaigiza ulevi, na mlevi wa kweli haigizi ulevi hata kidogo. Anahangaika kwa nguvu zake zote aonekane mzima. Jasho la mlevi limo katika jitihada hiyo, na jitihada hiyo ndiyo inayopaswa kuonekana jukwaani. Hatua zote zinazofuata zinajengwa juu ya jambo hilo moja.

Ili maelezo yasielee hewani, tutatumia onyesho moja la mfano kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mkulima wa korosho wa Tandahimba amelipwa fedha za mnada kupitia benki. Amezitoa, akapitia kilabuni kunywa uraka, yaani pombe ya mabibo, na sasa ni usiku. Mkewe alikuwa msibani kwa jirani. Amerudi na kukuta mlango umefungwa kwa kufuli na ufunguo anao mume. Amekaa gizani kwenye baraza, mtoto amelala mapajani mwake. Mume anatokea.

## Vitu vinavyohitajika

- Nafasi ya wazi ya mita 4 kwa mita 4, iliyowekewa alama kwa chaki au kamba.
- Godoro la zamani, au mikeka miwili juu ya mchanga laini, kwa ajili ya mazoezi ya kuanguka.
- Kufuli na ufunguo wake, shati lenye vifungo, ndala na kigoda.
- Kanga moja ya kufunika uso wakati wa mazoezi.
- Kopo la plastiki au kata ya kifuu, na dumu la lita 5. Vyombo vya kioo visitumike kabisa.
- Simu ya kurekodi video, daftari na kalamu.
- Mtu mmoja asiyeigiza, ambaye kazi yake ni kutazama tu na kusema alichokiona.

Kinywaji cha jukwaani kiandaliwe mapema. Maji ya embe yaliyochujwa na kuongezwa maji hufanana vya kutosha na uraka. Maji yenye maziwa kidogo hufanana na tembo la mnazi. Na pombe kali huigizwa kwa maji safi ya kunywa. Msitumie juisi ya mabibo yenyewe, yaani ya matunda ya mkorosho, ingawa inapatikana bure wakati wa msimu. Kwa joto letu huanza kuchacha ndani ya saa chache, hivyo iliyokamuliwa asubuhi inaweza kuwa imeanza kuwa kilevi ifikapo jioni, na madoa yake hayatoki kwenye nguo.

Onyo. Pombe ya kweli isiingie kwenye mazoezi wala kwenye onyesho, hata kwa mwigizaji mzoefu anayedai kwamba tone moja humpa ujasiri. Kitu cha kwanza ambacho pombe hukiondoa ni uwezo wa mtu kupima anachofanya, na uwezo huo ndio mtaji wa mwigizaji. Gongo, ambayo wengi hapa huiita nipa, ni haramu kisheria, na pombe ya kuchemshwa kienyeji inaweza kuwa na methanoli, sumu inayopofusha na kuua.

## Hatua ya 1: Andika anachokitaka mhusika

Kabla hujanyanyuka kufanya zoezi lolote, andika katika daftari sentensi moja inayoanza na neno "Nataka". Usiandike "Mimi ni mlevi", kwa kuwa hiyo ni hali, na hali haimpi mwigizaji jambo la kutenda. Kwa mkulima wetu sentensi inaweza kuwa hii: "Nataka mke wangu aamini kwamba fedha zote zipo, aingie ndani akalale bila kuniuliza neno."

Sababu ni kwamba pombe haimwondolei mtu matakwa yake. Humlegezea breki, au humfunulia tamaa nyingine iliyokuwa imefichwa. Bertolt Brecht, mwandishi wa Kijerumani, mwaka 1940 aliandika mchezo kuhusu tajiri mwenye mashamba, Puntila, ambaye akilewa humkumbatia dereva wake kama ndugu, na akilevuka huwa mkali na mnyonyaji. Puntila mlevi ana matakwa yake kamili, na Puntila asiye mlevi ana yake. Anayeigiza nafasi hiyo kwa kupepesuka tu anakuwa ameupoteza mchezo wote.

*Dalili ya kufaulu:* mwigizaji akiulizwa katikati ya zoezi, "Sasa hivi unataka nini?", anajibu papo hapo bila kutaja pombe.

## Hatua ya 2: Panga saa ya pombe

Kosa la pili kwa ukubwa liko kwenye muswada wenyewe. Mhusika anakunywa kopo moja, na baada ya mistari miwili yuko hoi. Baadaye anamwagiwa ndoo ya maji au anapewa kahawa, na mara moja anaanza kutoa mawaidha kama mtu aliyelala usingizi mwororo. Mambo yote mawili si kweli, na watazamaji wetu, ambao wengi wao wameishi jirani na kilabu, wanalijua hilo kuliko mwandishi.

Pombe ikishanywewa hufikia kilele katika damu baada ya kama nusu saa hadi saa moja na nusu, na huchelewa zaidi kwa mtu aliyekula. Ini huiondoa polepole: chupa moja ya bia ya nusu lita humchukua mtu mzima takribani saa mbili au zaidi. Maji baridi na kahawa humwamsha mlevi, lakini havimlevushi. Kwa hiyo, mkitaka mhusika alevuke, mlazeni hadi asubuhi ya onyesho linalofuata, na akiamka awe na kiu, kichwa kizito na mikono inayotetemeka kidogo.

Sasa chagueni kiwango. Mimi hutumia vinne.

1. Amechangamka. Anaongea zaidi ya kawaida yake, anacheka haraka, anasogelea watu mno. Miguu bado ni mizima.
2. Amelewa na anaficha. Hotuba na mikono vimeanza kumsaliti, naye anavisimamia kwa bidii.
3. Chakari. Mizani ya mwili imevurugika, na jitihada ya kuficha inashindwa mara kwa mara.
4. Hajitambui. Ni mwili wa kubebwa.

Karibu kila onyesho zuri la mlevi hukaa katika kiwango cha 2, likipanda hadi cha 3 kwa muda mfupi mahali palipochaguliwa. Vikundi vingi huanzia cha 3 na kubaki humo hadi mwisho, na ndiyo maana mchezo hauna pa kupandia. Mkikitumia kiwango cha 4, wahusika wengine wamlaze mlevi kwa ubavu, wala si chali, kwa sababu mlevi aliyelala chali anaweza kupaliwa na matapishi yake na kufa. Watazamaji huondoka na picha ya kile walichokiona kikitendwa, basi waione iliyo sahihi.

## Hatua ya 3: Mwili unaochelewa

Sehemu ya nyuma ya ubongo, serebela, ndiyo inayoratibu mizani na miendo ya mwili. Pombe huipunguzia kasi. Mlevi hayumbi kwa kupenda: mwili unaanza kuelemea upande, taarifa inachelewa kufika, na anaposahihisha anasahihisha kwa kuchelewa na kwa kuzidisha. Ni sawa na mtu aliyesimama ndani ya mashua inayovuka kwenda Msangamkuu wimbi linapoipiga ubavuni: kiwiliwili kinakwenda kwanza, miguu inakifuata. Anayepepesuka kwa makusudi hufanya kinyume chake, miguu inatangulia na mwili unafuata kama unacheza ngoma, na jicho la mtazamaji hulitambua hilo hata kama hawezi kulieleza.

Fanyeni hivi, kwa mpangilio huu.

Simama, tanua miguu kuzidi upana wa mabega kidogo. Walevi hufanya hivyo bila kujijua, kwa sababu msingi mpana huanguka kwa shida. Lainisha magoti. Chagua mahali pamoja mbele yako, kwa mfano mlango, na uutake mlango huo kwa moyo wote. Tembea kuuelekea kwa mstari ulionyooka kabisa. Rudia mpaka mwendo uwe wa mtu mwenye shughuli muhimu.

Baada ya hapo, na si kabla, ongeza ucheleweshaji. Unapotaka kugeuka, geuza kichwa, hesabu "moja" moyoni, ndipo mabega yafuate, kisha nyonga. Unapotaka kusimama, kiwiliwili kiendelee mbele kidogo baada ya miguu kukoma, halafu kirudi. Kila kinapokwenda pembeni, jitahidi kukirudisha. Ukijikuta unafurahia kuyumba, simama uanze upya.

Zoezi la kanga linatokana na desturi yetu wenyewe. Anayecheza mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, hana uso wake. Amevaa kinyago, na bado umati unajua kama ni kikongwe, askari au mtu wa majivuno, kwa mwili tu. Mfunikeni mwigizaji uso kwa kanga nyepesi anayoweza kupumulia na kuona kwa kiasi, kisha arudie mwendo uleule mbele ya kikundi, mtu mmoja akiwa karibu kumlinda asijikwae. Uso ukiondolewa, hila zote za kulegeza midomo na kufumba macho hazisaidii tena, na mwili unalazimika kufanya kazi.

*Dalili ya kufaulu:* mtazamaji ambaye hakuambiwa lolote anahisi baada ya hatua tatu au nne kwamba mtu huyu ana jambo, lakini hawezi kusema ni hatua ipi iliyomfichua.

## Hatua ya 4: Macho

Macho ya mlevi hufika mahali kwa kuchelewa, na yakifika hung'ang'ania. Mtu akimsemesha, kwanza anageuza kichwa, kisha macho yanatafuta, yanamkuta, yanatulia juu yake kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kope hushuka polepole na kupanda polepole.

Kama mna simu yenye intaneti, tafuteni mchoro wa Edgar Degas wa miaka ya 1875 na 1876, unaomwonyesha mwanamke na mwanamume wamekaa katika mkahawa jijini Paris, mbele ya mwanamke kuna glasi ya absinthe, pombe kali. Mwanamke aliyekaa kama kielelezo alikuwa mwigizaji, Ellen Andrée. Hayumbi, hacheki, hajaangusha kitu. Mabega yameshuka, miguu imeachwa wazi mbele yake, na macho yako chini, hayatazami chochote. Mwigizaji na akae kwenye kigoda dakika 2 akiwa katika mkao huo, bila kusema neno, na wengine wamtazame. Kikundi kikishaona jinsi utulivu ule unavyobana kifua, hakitarudi tena kwenye kelele.

## Hatua ya 5: Sauti na maneno

Kuburuta kila neno ni kosa kwa sababu mbili. Kwanza, watazamaji wa nyuma hawasikii, na mchezo wa uwanjani bila kipaza sauti hufa hapohapo. Pili, mlevi wa kiwango cha 2 hufanya kinyume: hutamka kwa uangalifu uliozidi, silabi kwa silabi, kama anayesoma hati mbele ya hakimu.

Tafuta neno gumu lililo la lazima kwa mhusika. Mkulima wetu ana "stakabadhi ghalani", jina la mfumo wa kuuza korosho kupitia maghala, na sioni zawadi kubwa kuliko hiyo kwa mwigizaji wa kusini. Anamweleza mkewe kwa nini fedha ni pungufu, na inambidi alitamke. Anasimama kabla ya neno. Anavuta pumzi. "Sta-ka-ba-dhi... gha-la-ni." Limetoka safi. Anatulia kidogo, ameridhika, anamtazama mkewe kama aliyeshinda kesi. Kisha anaendelea na sentensi, na ulimi unateleza kwenye neno jepesi kabisa, pengine jina la mtoto wake mwenyewe. Kuteleza huko kuwe mara mbili tu katika onyesho zima. Kukizidi, mtazamaji anaacha kumsikiliza mhusika na kuanza kuhesabu makosa.

Mambo mengine ya sauti ni mepesi. Apaze sauti zaidi ya inavyohitajika, kwa kuwa hajipimi tena. Arudie hoja moja kwa maneno yaleyale akidhani anaisema kwa mara ya kwanza. Akatize sentensi katikati kwa sababu ameisahau, si kwa sababu ya kwikwi. Kwikwi ziachwe kabisa.

Shakespeare alilijua jambo hili vizuri. Katika mchezo wake Othello, ofisa wa jeshi Cassio amenyweshwa na mwenzake Iago mpaka amelewa, naye anawasihi wenzake wasidhani kwamba amelewa, na ili kuthibitisha anawaonyesha mkono wake wa kulia, kisha mkono wake wa kushoto. Hakuna maelezo ya kuyumba yanayohitajika hapo. Mtu anayetoa ushahidi kwamba anaijua mikono yake amekwisha kujifichua.

Onyo. Msimpe mlevi lafudhi ya kabila. Mara nyingi nimeona mhusika mlevi akipewa Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kimakonde, Kimakua au Kimwera, ilhali mwalimu na daktari katika mchezo huohuo wanazungumza Kiswahili cha redioni. Hiyo ni dharau kwa wazee wetu waliokuja kutazama, na inawafundisha watoto kwamba lugha ya bibi yao ni lugha ya kilabuni. Lafudhi ya mlevi iwe ileile ya ndugu zake wote katika mchezo.

## Hatua ya 6: Kitu kimoja mkononi

Mwaka 1916 Charlie Chaplin alitengeneza filamu fupi, One A.M., ambamo karibu muda wote yuko peke yake: mtu amerudi nyumbani amelewa, anapambana na zulia, ngazi na kitanda. Anachofundisha ni kwamba kila kitu, hata kidogo namna gani, ni kazi nzito, na mlevi anaifanya kwa uzito wote wa fundi aliye kazini. Yeye aliweza kutumia vitu vingi kwa sababu filamu ilikuwa ya vichekesho tupu. Ninyi chagueni kimoja.

Kwa mkulima wetu ni kufuli. Anaingiza mkono mfuko wa kulia, ufunguo haupo. Anauingiza wa kushoto, anaupata, anausogeza karibu na uso kana kwamba anausoma. Anashika kufuli kwa mkono mwingine, linayumba, anangoja litulie. Anapeleka ufunguo, unagonga pembeni ya tundu. Anaacha. Anaufuta ufunguo kwenye shati, kwa sababu anaamini kwamba tatizo ni uchafu wa ufunguo. Anajaribu tena, ncha ya ulimi imetokeza kwenye kona ya mdomo. Unaingia. Anacheka kidogo peke yake, anageuka, na ndipo macho yake yanapomkuta mkewe, ambaye alikuwa pale tangu mwanzo.

Fanyeni mazoezi ya kufuli hilo kwanza mkiwa wazima kabisa, polepole, mpaka vidole vijue njia. Kisha mwigizaji apewe lengo: kufungua bila sauti, kwa kuwa anadhani mke amelala ndani. Hapo jitihada na kushindwa vinakutana vyenyewe, na hamhitaji kuongeza lolote.

*Dalili ya kufaulu:* watazamaji wananyamaza wakati ufunguo unasogea, kana kwamba wanamsaidia kulenga.

## Hatua ya 7: Walio wazima ndio wanaomchora mlevi

Hatua hii hurukwa na vikundi karibu vyote, nayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Nguvu zote za mazoezi huelekezwa kwa mlevi, huku mke, watoto na jirani wakiachwa wasimame wakingoja zamu yao ya kusema.

Mke huyu ameishi na mlevi. Anaijua sauti ya ndala zake kutoka mbali, na kwa mwendo wa ndala anajua kama leo ni usiku wa nyimbo au usiku wa kipigo. Basi mwigizaji wa mke na ajue kwa hakika anachokisikia: mlevi akiwa bado nje ya jukwaa, aburute ndala kwa mapigo matatu yasiyolingana, na mke, bila kuinua kichwa, asogeze mtoto upande wa ukuta. Mtazamaji ameshaogopa kabla mlevi hajaonekana.

William Hogarth, msanii wa London, mwaka 1751 alichapa picha ya mtaa ulioharibiwa na pombe kali iitwayo jini (gin). Katikati yake yuko mama aliyekaa kwenye ngazi, anachota ugoro, na mtoto wake mchanga anamponyoka na kuanguka kichwa chini. Mama hajageuka hata kumtazama. Ubaya wote wa picha uko katika kile asichokiona. Ulizeni kuhusu mchezo wenu: ni kitu gani ambacho kila mtu jukwaani na nje ya jukwaa anakiona, isipokuwa mlevi? Katika onyesho letu ni kwamba mkewe alifungiwa nje usiku huo kwa sababu ufunguo anao yeye. Hajalifikiria. Halitaji. Msimpe mke mstari wa kulisema pia. Mwacheni ashike kufuli lililofunguliwa, alitazame, alirudishe mkononi mwa mumewe.

## Hatua ya 8: Amueni kicheko kinaishia wapi

Sikubaliani na waongozaji wanaosema kicheko kipigwe marufuku katika mchezo wa ulevi. Watu wamekuja uwanjani baada ya kazi, wana haki ya kucheka, na aliyecheka ameshafungua moyo. Kinachotakiwa ni kukipangia kicheko mpaka.

Katika Macbeth, ambayo S. S. Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Makbeth mwaka 1968, mfalme ameuawa usiku, wauaji bado wana damu mikononi, na lango linagongwa. Anayekwenda kufungua ni bawabu aliyelewa, anayejivuta huku akijifanya bawabu wa jehanamu, na baadaye akieleza jinsi pombe inavyoleta pua nyekundu, usingizi na mkojo. Watu wanacheka, lakini wanajua kuna maiti ndani. Kila anavyokawia, ndivyo roho zao zinavyozidi kupanda. Kicheko kinachofanya kazi ni kile ambacho mtazamaji anakitoa akiwa anajua jambo ambalo mlevi halijui au halijali.

Chukueni muswada na chora mstari mahali pamoja. Juu ya mstari, watu waruhusiwe kucheka. Chini yake, mwigizaji asifanye hata tendo moja lililowahi kuchekesha juu: asirudie kufuli, asirudie neno lililoteleza. Katika mfano wetu mstari unapita pale mke anapouliza kwa sauti ya chini, "Na ada ya mtoto?" Mume anacheka. Anacheka peke yake, na hakuna mhusika mwingine anayecheka naye. Kimya cha wenzake jukwaani huwaambia watazamaji wanyamaze bila tangazo.

Kuna jambo la kuangalia katika kipigo. Mkono ukishainuliwa, onyesho likatwe, au kipigo kisikike nyuma ya pazia. Kupiga kwa kuigiza mbele ya umati wenye watoto huleta kelele za kushangilia, na mkishazisikia hamwezi tena kuwarudisha watu.

## Hatua ya 9: Kuanguka, kama ni lazima

Mara nyingi si lazima. Ikibidi, anguko liwe moja, na lifanyiwe mazoezi kwenye godoro kabla ya kupelekwa kwenye mchanga. Sakafu ya saruji isitumike.

Shusha uzito kwa kukunja magoti, kidevu kiwe karibu na kifua, kisha ugeuke upande na kujilaza kwa mpangilio: upande wa paja, kalio, ubavu, bega. Usizuie anguko kwa mkono ulionyooka, kwa maana kifundo cha mkono huvunjika hapo. Usitue kwa magoti wala kwa kitokono. Kabla ya onyesho la nje, mtu apite uwanjani kuokota misumari, vipande vya chupa na magamba ya chaza. Anguko zuri halina kishindo. Likitoa mshindo, mwili umetua vibaya.

## Hatua ya 10: Maonyo juu ya watu halisi

Msimwige mlevi anayejulikana kijijini. Vijana hupenda kufanya hivyo kwa sababu kicheko ni cha uhakika, lakini mtu huyo ana mke, ana watoto, na huenda wamekaa safu ya mbele. Kumleta yeye mwenyewe aigize ni vibaya zaidi. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa kale, aliandika kwamba Wasparta, watu wa mji wa Sparta huko Ugiriki, waliwalazimisha watumwa wao, mahelota, kunywa hadi walewe, kisha wakawaonyesha vijana wao ili waone aibu ya ulevi. Hilo halikuwa fundisho, lilikuwa udhalilishaji, na sisi tusilirudie kwa jina la elimu ya afya. Tabia moja ichukuliwe kwa huyu, nyingine kwa yule, na mavazi na kazi vibadilishwe mpaka asiweze mtu kunyoosha kidole.

Mkicheza shuleni, anzisheni onyesho baada ya unywaji kwisha. Mwanafunzi asionekane akifurahia kopo. Mwalimu mkuu, viongozi wa dini na mtendaji wa kijiji waonyeshwe mchezo kabla, na wasielezwe kwa mdomo tu. Wengi waliokataa kwa kusikia hukubali kwa kuona.

Kama mlevi ni mwanamke, hatua zote ni zilezile. Msimgeuze kuwa malaya kwa sababu tu anakunywa. Naye ana sentensi yake ya "Nataka".

## Hatua ya 11: Jaribio la mwisho

Rekodini onyesho kwa simu na mlitazame mara mbili, mara ya kwanza bila sauti, mara ya pili bila kutazama picha. Bila sauti, je, mnaelewa mume anataka nini? Bila picha, je, kila neno linasikika?

Kisha waiteni watu wachache wasioujua mchezo. Msiwaulize kama wameupenda. Waulizeni maswali haya: mtu yule alikuwa anajaribu kufanya nini? Uliacha kucheka wapi? Mke alikuwa anajua nini? Wakijibu la kwanza kwa kusema "alikuwa amelewa", rudini Hatua ya 1. Wakisema hawakuacha kucheka, kosa liko Hatua ya 8, na aghalabu ni mwigizaji aliyeongeza kitu kwa kunogewa. Wakimkumbuka mume tu na kumsahau mke, fanyeni upya Hatua ya 7 mkimwacha mlevi apumzike.

Uwanja ukiwa mkubwa, msiongeze kuyumba ili aliye mbali aone. Refusheni vituo. Mlevi anayesimama kimya sekunde tatu mbele ya kufuli anaonekana hata kutoka chini ya mwembe ulio mwisho wa uwanja.

Maigizo ya uhamasishaji huwa na mjadala mwishoni, na hapo mwigizaji avue shati la mhusika mbele ya watu na kusema kwa sauti yake ya kawaida, ili asibaki na jina la mlevi mtaani. Baada ya hapo watazamaji wakaribishwe kumuuliza mhusika maswali. Sikilizeni swali la kwanza. Likiwa ni "Umejifunzia wapi kuyumba hivyo?", kuna kazi imebaki. Likiwa ni "Hela ya ada umeipeleka wapi?", na likaulizwa kwa hasira, onyesho limekamilika na mnaweza kulipeleka kijiji kinachofuata.